Kiingereza cha Utani

Siku Mwanaharusi alipotangaziwa kutolewa jikoni, alipiga makofi. Alipiga kwa mikono yote miwili, meno nje, kama mtu aliyeletewa posa ya mwanawe. Wafanyakazi wa ile hoteli ndogo ya ufukweni, njia ya kwendea Kaole, walikuwa wamekusanywa barazani asubuhi ile, na meneja mpya, Oscar, tai shingoni na kibati cha jina kifuani, akahutubia kwa Kiingereza kitupu tangu bismillahi mpaka amina. Pembeni yake alikaa mwenye mali, Mama Greta, bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe pee, aliyeinunua hoteli mwaka huu huu. Oscar alipomaliza, Mama Greta akapiga makofi. Basi nani wa kubaki kakunja mikono? Wafua mashuka wakapiga, mlinzi akapiga, Mwanaharusi akapiga na akaongeza kigelegele kidogo cha juu, maana alilisikia neno "kitchen" likitajwa akadhani wamesifiwa.

Clever ndiye aliyemvuta kando, penye tangi la maji. Clever ni mpishi kijana kutoka Dar, kaja juzi juzi tu na cheti chake cha chuo.

"Shikamoo mama. Umeelewa alichosema?"

"Marahaba. Si kasema jiko letu zuri?"

Clever akajikuna kisogo. "Kasema kuanzia mwezi ujao mpishi mkuu lazima atoke mezani, awaeleze wageni chakula kwa Kiingereza. Jumamosi tunapimwa, mimi na wewe. Atakayeshinda anachukua jiko."

"Na atakayeshindwa?"

"Anahamia kufua."

Mwanaharusi akaitazama mikono yake kama iliyomsaliti. Kufua si haramu, lakini jiko lile aliliingia binti yake Adila hajaota meno, na leo Adila anasomea uuguzi Kibaha kwa moshi ule ule. Samaki wa kupaka, pweza wa nazi, mchuzi wa ukwaju, vyote vinavyosomwa na wageni kwenye kile kitabu cha vyakula vilitoka kichwani mwake. Mshahara wa kufua ni nusu, na chuo hakipokei nusu mwanafunzi.

"Wewe unakijua hicho Kiingereza?" akauliza.

"Ninacho, mama. Lakini huyo samaki wako wa kupaka sina, haki ya Mungu nakwambia. Mimi sikuliomba hili."

Hapo Oscar akapita, funguo za gari zikimlia mkononi. Umri wake ni wa kumpa mwanamke yule shikamoo mbili kwa siku, lakini alimwambia "Good morning, Mama" akapita zake, na ujanja wa salamu ile ni kwamba haina mdogo wala mkubwa.

"Gudi moni," Mwanaharusi akajibu, akarudi kukuna nazi.

*

Nyumbani Nianjema habari zilimtangulia, maana Bagamoyo neno halidaiwi nauli. Somoe alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Somoe ni wifi yake, dada wa marehemu Mwinshehe mumewe. Alikuja kumliwaza wakati wa eda. Eda ikaisha, mkeka wa Somoe haukukunjwa mpaka leo.

"Wifi, eti umefukuzwa ukashangilia?"

"Nani kakwambia?"

"Swali si nani kaniambia. Swali ulikuwa unashangilia nini?"

"Nilifuata watu, wifi."

"Ukifuata watu utaingia hata mwanandani mwa kaburi."

Mwanaharusi akakaa kizingitini, na kilio kikamshuka kimya kimya. Mlango wa chumba cha mbele ukafunguka, akatoka mpangaji wao, Tekla, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kinyamwezi kutoka Nzega, Mkatoliki asiyekosa misa ya Jumapili na asiyekosa futari ya nyumba hii mwezi wa Ramadhani. Baina ya Tekla na Mwanaharusi kulikuwa na utani, si urafiki wa kuchekana tu, ni ule utani wenyewe wa makabila. Mwanaharusi ni Mkwere, kwao Lugoba, na kila mtu wa pwani hii anajua kwamba Mkwere na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka kwa miguu kutoka bara, pembe za ndovu mabegani, mpaka hapa Bagamoyo. Mtani anakutukana mbele za watu, anakunyang'anya kiatu mpaka umkomboe, na ukinuna aibu ni yako. Hata Mwinshehe alipofariki, watu wanalia, Tekla alikalia kiti cha marehemu akadai arithishwe kanzu ya Idi, waombolezaji wakacheka na machozi yako mashavuni.

Lakini siku ile Tekla hakutania. Alichuchumaa mbele ya mwenye nyumba wake.

"Mama Adila, nyamaza. Kiingereza si mzimu. Tunaanza leo hii."

*

Alasiri Mwanaharusi alioga, akavaa kanga ya sandukuni, akakaa mkekani kakunja miguu kama yuko chuoni mbele ya ustadhi. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Kulala na kuamka, mtani wake amekuwa mwalimu wake, na mtu wa pwani mbele ya mwalimu hana mdomo, ana masikio. Kila Tekla alichosema, yeye alijibu, "Ndiyo, mwalimu." Akiambiwa rudia, alirudia kwa sauti ya mtu anayeungama.

Somoe yeye alikuwa kashaalika mtaa. "Njooni, Kiingereza bure!" Wanawake wakaja na watoto mgongoni, akaja Mikdad fundi cherehani, pini zimemjaa kwenye ukosi wa shati, ua ukafurika mpaka mtu anakosa pa kuweka kikombe. Na kila mmoja, kumbe, alikuwa na swali lake lililomkaa rohoni tangu shule.

"Mwalimu," Mikdad akaanza, "kuna 'borrow' na kuna 'lend'. Lipi ndiyo kuazima?"

"Yote mawili."

"Mawili vipi?"

"Anayechukua ana lake, na anayetoa ana lake."

"Ala!" Somoe akadakia. "Wamemtenga anayeazima na anayeazimwa? Ndiyo maana mabenki yao hayalali njaa. Sisi huku neno moja, na masufuria yangu hayarudi."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akauliza kwa nini Mzungu ana "he" na "she" wakati yeye ni yeye tu, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Mwingine akataka kujua tofauti ya "see", "look" na "watch". Tekla akamwambia: la kwanza linakuja lenyewe jichoni, la pili unalipeleka jicho, la tatu unakaa kabisa kitako ukatazama. "La tatu ni Somoe dirishani," Mikdad akasema, akarushiwa kandambili.

Kisha Tekla akashika kipande cha mkaa, akaandika ukutani: go. Chini yake: went.

"Leo naenda, hili la juu. Jana nilikwenda, hili la chini."

Mwanaharusi akainuka, akausogelea ukuta. Kusoma anajua. Akaliangalia la juu, akaliangalia la chini, akapitisha kidole juu ya mkaa.

"Mwalimu, hili la juu liko wapi ndani ya hili la chini?"

"Halimo."

"Halimo kabisa? Hata herufi moja?"

"Hata moja."

Kwetu kwenda ni kwenda: leo unakwenda, jana ulikwenda, mwakani utakwenda, neno ni lile lile, unalibadilisha nguo tu. Sasa hawa wenzetu, jambo likishapita, wanalivua mpaka jina!

"Kama maiti," Mwanaharusi akasema polepole. "Asubuhi Mwinshehe alikuwa Mwinshehe. Adhuhuri watu wakaja kuniuliza, maiti imeshaoshwa? Hakuna aliyesema Mwinshehe. Nikawa natafuta jina lake ndani ya neno lile, silioni."

Hakuna aliyecheka. Mkaa ulibaki mkononi mwa Tekla. Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja kama wako katikati ya hitima.

"Nimelifundisha neno hili mwaka kwa mwaka," Tekla akasema, "na leo ndiyo naliona."

Mwanaharusi hakuondoka ukutani. Kitu kilikuwa kimemfungukia. Hofu ilikuwepo, lakini kando yake palikuwa na mshangao, ule wa mtu anayefunguliwa mlango wa nyumba kubwa aliyoipita kila siku akidhani ni ukuta mtupu.

"Na kukata?" akauliza.

"Cut. Jana, cut. Juzi, cut. Halibadiliki."

"Kuweka?"

"Put, put, put."

"Subhanallah! Maneno ya jikoni yana msimamo." Akageuka, uso umeng'aa. "Na kula?"

"Eat, ate, eaten."

"Ehee," Somoe akasema, "hapo sawa. Kula ndiko kunakobadilisha watu."

*

Lakini kushangaa si kusema. Siku zikaenda, na kila Tekla alipomwambia, "Haya, mimi ni mgeni, nieleze chakula hiki," Mwanaharusi aliinamisha kichwa, akakunja pindo la kanga, akanong'ona maneno matatu yakafia njiani. Hotelini Oscar alianza kumsemesha Kiingereza mbele ya wafua mashuka, haraka haraka, kisha anangoja, kisha anatabasamu na kuondoka. Siku moja alimwambia kitu kirefu, naye akajibu "Thank you", na wafua mashuka wakatazama chini. Clever alimwambia baadaye kuwa alikuwa akiulizwa kwa nini gesi imekwisha.

Alhamisi Tekla alichoka. Darasani alikuwa na watoto wa kufurika tangu asubuhi, hapa anazungumza na kanga. Akatupa mkaa chini, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya barabarani, maneno marefu huku kamnyooshea kidole mwenye nyumba wake.

"Kasemaje?" Somoe akauliza.

"Nimesema," Tekla akatafsiri bila haya, "ninyi watu wa pwani ni wavivu. Mmelala chini ya minazi tangu dunia iumbwe mkingoja dafu lianguke, na likianguka mnamwita Mnyamwezi aje alipasue."

Ua mzima ukasema "Uuuuh!" Mwanaharusi akainua kichwa. Macho yaliyokuwa chini wiki nzima yakasimama. Mwalimu alikuwa ametoweka, mtani karudi, na mtani hajibiwi kwa kuinama.

"You!" akapaza sauti, na kidole kikatoka. "You carry! Your grandfather carry my bag!"

"Carried," Tekla akasema, akijaribu kuficha furaha.

"Carried my bag! He come here, no shoes!"

"Came."

"Came here, no shoes! He ate my rice! He ate, he ate, he finish the pot!"

"Finished!"

"Finished!" Mwanaharusi alikuwa kasimama wima, kanga imemwanguka begani, jasho linamtoka, na Kiingereza kinamtoka kama maji kwenye bomba lililozibuliwa, na tope lake na kutu yake, lakini kinatoka. Vigelegele vikapaa mpaka msikiti wa jirani. Mikdad alisahau pini akajikumbatia, akajichoma. Somoe alikaa chini akishika kichwa: "Wifi yangu kapandisha! Wifi yangu ana shetani wa Kizungu!"

Tangu hapo somo likawa matusi mtupu. Tekla aliutukana ukwaju, Mwanaharusi akautetea: ukwaju ni mchachu, uliloweshwa, ulichujwa, ulimshinda nguvu samaki. Tekla akasema nazi ni maji meupe tu, na Mwanaharusi akampa historia ya nazi tangu kupandwa hadi kukunwa, wakati uliopita, uliopo na ujao.

Ijumaa, wakati wanakula, Tekla akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza.

"Hivi huyu meneja wako jina lake nani?"

"Oscar."

"Oscar nani? Mtu haachi kuwa na kwao."

Mwanaharusi akakumbuka kibati cha kifuani. "Mihayo. Kasema anatoka Arusha."

Tekla akaacha tonge njiani. "Mihayo? Mihayo wa Arusha ameokotwa wapi? Mama, huyo kijana wa kwetu! Huyo mtani wako!"

"Mtani na tai vile?"

"Hakuna tai inayofuta utani."

"Mwanangu, acha. Yule ni bosi. Nikimtania bosi nitakwenda kufua na kinywa changu mwenyewe." Akasukuma sinia mbele, njaa imemkimbia. "Kesho nitasema yale ya ukwaju tu, basi."

*

Jumamosi meza iliandaliwa barazani. Mama Greta upande huu, Oscar upande ule. Wafua mashuka walijipanga nyuma ya kamba za nguo, kila mmoja akijifanya anaanika. Clever alianza. Alieleza mlo wake kwa Kiingereza kilichonyooka kama kamba ya fundi mwashi, na Mama Greta akaitikia kwa kichwa kwa adabu, ingawa sahani yake aliigusa kidogo akaiacha.

Mwanaharusi akatoka jikoni na samaki wa kupaka kwenye sinia, akaliweka mezani. Harufu ya ndimu na nazi iliyoungua kidogo ikazunguka meza kama mwenyeji. Wali ulibaki jikoni, ndani ya hotipoti kubwa la harusini, maana ulikuwa mzito kwa mtu mmoja.

Oscar akauliza kitu, haraka. Maneno mengi, na mwisho wake neno ambalo Tekla hakulifundisha. Mwanaharusi akamtazama. Oscar akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile ugeni wa lugha ni uziwi. Kijana alikuwa anamtaka ajisifu, aseme yeye ni hodari wa nini, na hata angeulizwa kwa Kikwere asingejibu, maana tangu lini mwanamke wa watu akajitia sifa mbele ya chakula chake mwenyewe? Akafungua mdomo. Ukwaju ukaondoka. Nazi ikaondoka. Akabaki na kanga mkononi.

Nyuma ya kamba za nguo, mtu akavuta pumzi.

Oscar akamgeukia Mama Greta, akasema kwa upole wa kumaliza kazi: "You see, she cooks well. But she cannot speak."

Na Mwanaharusi akaelewa.

Akaelewa lote! Hakuna aliyemtafsiria. Maneno yaliingia yenyewe sikioni, moja moja, yakakaa, kila moja na maana yake: anapika vizuri, lakini hawezi kusema. Ilimpiga kwanza kama muujiza, akakaribia kucheka kwa maajabu ya Mungu, kwamba lugha ya watu imemwingia mwilini bila kupiga hodi. Halafu ikampiga kama kofi.

"You," akasema. Kidole kikatoka chenyewe. "Mihayo!"

Oscar akashtuka. Hakuna aliyewahi kumwita jina lile pale.

Kiingereza cha Mwanaharusi kilikuwa kinachechemea, hapa tunakipa mkongojo wa Kiswahili ili sote tufike pamoja.

"Wewe unatoka wapi?"

"Arusha," Oscar akasema.

"Uongo! Arusha ulipita. Kwenu Nzega. Mimi Mkwere. Unanijua mimi nani kwako?"

Oscar akamtazama mwenye mali, akajitazama tai.

"Babu yako alitembea," Mwanaharusi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya uani Nianjema. "Alibeba pembe. Alifika hapa, miguu imevimba, hana viatu. Bibi yangu alimpikia. Alikula, akamaliza chungu, akalala. Leo wewe umekuja na gari, na viatu, unasema mimi siwezi kusema? Wali wangu uko jikoni. Mzito. Nenda ukaubebe!"

Akachukua kitambaa cha mezani, akakisokota mbele yao, mzunguko juu ya mzunguko, kikawa kata, ile kata ya kuwekea mzigo kichwani, akamnyooshea.

"Carry, mpagazi!"

Clever alifumba macho. Mfua mashuka mmoja akaanza kusoma dua. Maana sasa lilikuwa limetoka, halirudi: ama yule kijana ni meneja, na mwanamke huyu amemtukana mbele ya tajiri wake, kazi imekwisha, ya jiko na ya kufua, ama ni mtani, na mtani akinuna amejivua kwao. Hakuna sheria ya kazi iliyoandikwa kwa jambo lile. Kuna ile nyingine tu, ambayo haikuandikwa, na kila aliyelelewa nchi hii anaijua.

Oscar aliiangalia kata kwa muda mrefu. Kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, watu wakadhani ni hasira. Akalegeza tai. Akasimama, akaichukua kata, akaiweka kichwani pake palipochongwa vizuri na kinyozi, akaenda jikoni. Clever alimsaidia kujitwisha. Akatoka mlango wa jiko na hotipoti la harusini kichwani, shingo imenyooka, mkono mmoja umeshika ubavu wa chombo, anatembea kwa mwendo ambao chuo cha hoteli hakiufundishi, mwendo wa kupima ardhi, kama aliyeachiwa mwendo huo na babu yake. Na huku anatembea anajibu, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kupasua:

"Watu wa pwani! Mlilala! Sisi tulitembea mpaka nchi ikaisha, ninyi mlilala! Mkaamka kula chumvi yetu!"

"Mlikula wali wetu!"

"Mlituuzia!"

"Hamjalipa!"

Vigelegele vikalipuka nyuma ya mashuka. Kamba moja ikakatika, nguo nyeupe zikaenda chini, na hakuna aliyeziinamia. Oscar akashusha mzigo mezani, jasho linamtiririka, akacheka kicheko ambacho watu wa pale hawakuwahi kukisikia kwake.

"Nyanya yangu," akasema kwa Kiswahili, akifuta uso kwa ile kata, "aliniambia nikifika Bagamoyo nichunge sana, wataninyang'anya. Nikaona bora niseme natoka Arusha."

*

Mama Greta alikuwa bado kashika uma. Aliwatazama wote wawili, akauliza, na swali hili hata wafua mashuka walilielewa kwa uso wake: kumetokea nini?

Oscar akataka kueleza. Mwanaharusi akamtangulia. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika baraza ile tangu aajiriwe, akaeleza. Alisema kwamba zamani watu wa huyu walitoka mbali wakaja kwa watu wake. Walikuja na mizigo, walikuta chakula. Wangeweza kupigana, hawakupigana. Walicheka. Wakaapa wataendelea kutukanana ili wasiuane. Walikufa, wakawaachia wajukuu lile tusi kama shamba. Mahali fulani alisema "goed", akasita, akalitafuta lile neno jingine lisilo na sura ya mwenzake, akalipata, akaliweka mahali pake taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hakuna aliyemsahihisha. Mwanamke aliyeyapigia makofi maneno ya kumtoa jikoni sasa alikuwa ameshika watu waliokufa zamani, anawapitisha mmoja mmoja katika lugha ya mbali, nao wanapita.

Alipomaliza, Mama Greta akapakua wali. Akala samaki. Akala tena. Kisha akaweka uma, akamtazama Mwanaharusi machoni, akauliza jambo.

Mwanaharusi hakuelewa hata neno.

Aliona Oscar anafungua mdomo amsaidie, na kwa jicho la pembeni akamwona Clever naye anasogea. Akainua kiganja kuwazuia wote.

"Again," akasema. "Slowly."

Mama Greta akarudia, polepole. Mwanaharusi akashika neno moja: "tomorrow".

"Again."

Bibi wa Kizungu, mwenye hoteli, na jiko, na mashuka yaliyolala mchangani, akainama mbele, akarudia mara ya tatu, neno baada ya neno, kama anayemhesabia mtoto ngazi. Na hapo swali likafunguka. Kesho, siku nzima, kuna wageni, meza zote. Kijana Clever atashika moto. Je, yeye Mwanaharusi, mpishi mkuu, atatoka jikoni kuja kuwaeleza?

Oscar alikuwa amesimama, kata bado mkononi.

Mwanaharusi akaondoa kanga kichwani, akajifunga upya, vizuri, bila haraka.

"Yes," akasema. "But they ask slowly. Me, I am cooking long time. I am speaking today."